Mama Atunga, Binti Aandika: Wanawake na Urithi wa Pwani

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, akiwa anaugua maradhi ya muda mrefu, alimwita binti yake aje aketi karibu naye na wino na karatasi, kwani alikuwa na wosia wa kumwachia. Wosia huo ndio Utendi wa Mwana Kupona, wenye beti zipatazo 100, uliohifadhiwa kwa hati za Kiarabu miongo kadhaa kabla ya kupigwa chapa katika karne ya 20.

Wengi huukumbuka kwa zile radhi tano anazomhimiza binti azitafute: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na mjadala kuhusu hiyo ya tano ni wa haki kabisa. Lakini sisi tunaotunza kumbukumbu tunaanza na wino ule. Mama anatunga, binti anaandika. Maana yake ni kwamba elimu ya kusoma, kuandika na kupima mizani (silabi) ya utenzi, minane kwa kila kipande, ilikuwamo ndani ya nyumba na mikononi mwa wanawake, wala haikungojea shule ya serikali.

Palipokosekana karatasi, sauti ilitosha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu na mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Mumbai mwaka 1928 kurekodi santuri, na wimbo wake wa Kijiti umetuhifadhia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na dhuluma iliyofuata mahakamani.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta za matumbawe zina walinzi wake. Miswada iliyofungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la bibi mara nyingi haina, na huku mchwa na unyevunyevu wa bahari havipumziki. Ukiukuta mswada wa namna hiyo, usiubandike utepe wa plastiki wala usiuanike juani. Uweke pakavu, upige picha kila ukurasa, kisha umwombe bibi akusomee huku ukimrekodi. Na katika maelezo usiishie kuandika “mapokeo ya wazee”: andika jina lake, akiridhia, jina la aliyemfunza, na mtaa walikosomea.