Muhogo mchungu na nguvu za seli: maswali na majibu kutoka Kigoma

Swali: Aliyedhurika na muhogo mchungu huhema haraka haraka, lakini mwili unamlegea. Hewa si inaingia? Anakosa nini?

Jibu: Hewa inaingia, na damu inaifikisha kwenye seli. Kinachokwama ni hatua ya mwisho. Karibu kila seli ina mitokondria, vijumba vidogo vinavyozalisha nguvu, na kila mitokondria ina utando wa ndani uliojikunja. Ugali na migebuka tuliyokula vikishavunjwavunjwa hutoa elektroni (chembe ndogo mno zenye chaji hasi), nazo hupokezanwa na protini za utando huo mpaka zikabidhiwe oksijeni, yakatokea maji. Katika kupokezana huko, protoni (haidrojeni iliyopoteza elektroni yake) husukumwa zikavuka utando kwenda upande wa pili. Sianidi, sumu itokayo kwenye muhogo, hung'ang'ania pale pale oksijeni inapopokelea elektroni. Msafara wote unasimama, protoni hazisukumwi tena, na oksijeni inabaki kwenye damu haina wa kuitumia. Ubongo na moyo huumia mapema kwa sababu havina akiba ya kutosha.

Swali: Protoni kurundikana upande mmoja kunaleta nguvu gani?

Jibu: Ni kama maji ya Malagarasi yakizuiwa juu ya maporomoko ya Igamba: yakipewa mlango mmoja, yatazungusha turbini. Mlango wa protoni ni kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) chenye mhimili unaozunguka kweli, wala si lugha ya picha. Kwa binadamu, protoni 8 hukizungusha mara moja, na mzunguko huo hutoa molekuli 3 za ATP, ambayo ndiyo misuli na neva hutumia. ATP haiwekwi ghalani. Hutengenezwa na kutumika papo hapo, na kwa siku moja jumla yake hukaribia uzito wa mwili wako. Mwingereza Peter Mitchell alipolitoa wazo hili la protoni kuleta nguvu mwaka 1961, wanasayansi wengi hawakumwamini. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Swali: Basi nikiuchemsha sana muhogo si inatosha?

Jibu: Ule mtamu, ukishamenywa, ndiyo. Mchungu, hapana. Sumu yake imefungwa ndani ya kemikali iitwayo linamarini, na kinachoifungua ili sianidi itoke ni kimeng'enya cha muhogo wenyewe. Ukikimbilia kuchemsha unakiua kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki kwenye sufuria. Menya, vundika siku tatu au zaidi mpaka ulainike, anika ukauke sawasawa, ndipo utwange. Makopa, yaani muhogo ulioanikwa bila kuvundikwa, hubaki na sumu nyingi zaidi. Wanaojua kazi hii ni mama na bibi zetu, na siwalaumu wanapofupisha siku: njaa ndiyo huwakatisha. Lakini mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipata konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla na kubaki hivyo. Walikuwa wakila muhogo usioandaliwa vya kutosha, na kitoweo chenye protini kilikuwa haba. Mwili huhitaji salfa ya protini kuigeuza sianidi iwe kitu chepesi cha kutoka na mkojo, kwa hiyo dagaa pembeni ya ugali si anasa.

Swali: Mtu akianza kutapika, kizunguzungu na degedege baada ya kula, tumpe maziwa?

Jibu: Maziwa hayafiki kwenye mitokondria. Mawese vilevile. Mkimbizeni hospitali, mchukue na unga uliobaki.

Swali: Natumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nikaambiwa inazuia pampu ya protoni. Inanimaliza nguvu?

Jibu: Hapana. Hiyo ni pampu nyingine kabisa, ya seli za tumbo, inayomwaga asidi. Ila usiimeze miezi na miezi bila daktari kujua.

Swali: Kuna vidonge vya kupunguza mwili vinaitwa DNP, vinauzwa mtandaoni. Vinafanyaje?

Jibu: Huzipitisha protoni kwenye utando bila kupita kwenye kimeng'enya, hivyo chakula kinaishia kuwa joto tupu. Mtoto mchanga ana mafuta ya kahawia yanayofanya jambo la jinsi hiyo kwa kipimo, ndiyo maana hupata joto bila kutetemeka. DNP haina kipimo hicho. Huko Marekani ilitumika miaka ya 1930, wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa joto la mwili, na mwaka 1938 ikasimamishwa. Dawa ya kuitangua haipo mpaka leo.