Sakoma na mitoki: kwa nini daktari hukata uvimbe akaziacha tezi

Hapa Mombasa wengi tumeijua saratani kupitia ugonjwa wa titi. Shangazi au jirani amepasuliwa, na pamoja na titi akatolewa tezi za kwapani. Basi mtu mwingine wa ukoo huohuo akiota uvimbe pajani, ukapimwa ukaonekana ni sakoma, kisha daktari akasema atakata uvimbe tu na tezi za kinenani hatazigusa, jamaa hurudi nyumbani roho juu. Wanaona kazi imefanywa nusu. Haikufanywa nusu, na ningependa sana kila familia yenye mgonjwa wa aina hii ilielewe hilo kabla ya kumlaumu daktari au kumhamisha mgonjwa wao.

Sakoma ya tishu laini ni saratani inayoanzia kwenye misuli, mafuta, mishipa na nyama nyinginezo zinazoushikanisha mwili. Tezi za limfu ni vile vinundu vidogo vilivyo shingoni, kwapani, kinenani na ndani ya tumbo. Hupitisha maji yanayotoka kwenye nyama, ndiyo limfu yenyewe, na kunasa vijidudu. Zikivimba, hasa za kinena na kwapa, ndiyo mitoki.

Saratani ya titi husafiri mno kwa njia ya limfu, na tezi za kwapa ndizo huzikuta mwanzo. Sakoma nyingi hupita njia nyingine: huingia kwenye damu, na damu huzifikisha mapafuni. Ndiyo sababu mwenye uvimbe wa paja, akifika Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, huagizwa skani ya kifua hata kama hakohoi. Ukizichukua sakoma zote kwa jumla, wanaokutwa na saratani kwenye tezi ni chini ya 5 katika kila wagonjwa 100.

Na kuzitoa tezi zote za kinena si jambo jepesi. Jeraha la pale hupona kwa taabu, huingia usaha upesi, na maji hujikusanya chini ya mshono hata mgonjwa akalazimika kukaa na mpira wa kuyatoa. Baadaye mguu wenyewe unaweza kuvimba na usirudi tena, kwa kuwa maji yamekosa pa kupita. Watu wa Pwani wanaujua mguu wa matende: ule huletwa na minyoo inayoharibu mishipa ya limfu, huu huletwa na kisu, lakini shida ni moja. Kumtwika mtu mguu huo kwa ajili ya tezi zisizo na ugonjwa ni kumdhulumu.

Hata hivyo daktari hazipuuzi tezi. Huzipapasa kwa vidole pande zote mbili na kulinganisha. Katezi kadogo, laini, kanakoteleza chini ya kidole ni jambo la kawaida, hasa kwa mtu anayetembea pekupeku na kupata vidonda vya miguu. Tezi ngumu, iliyoganda mahali pamoja, inayokua, hiyo ina maneno. Hupigwa ultrasaundi, kisha huchomwa sindano ili chembe zake zikapimwe maabara. Sindano ni ya lazima, kwa sababu kifua kikuu nacho huvimbisha tezi, na hata kidonda cha uvimbe wenyewe huzivimbisha bila saratani kufika. Tezi haihukumiwi kwa macho.

Kuna aina chache za sakoma ambazo kweli hupenda tezi. Sakoma ya epithelioidi mara nyingi huwapata vijana, mkononi au kwenye kigasha, na huweza kufanana na kidonda kisichopona. Sakoma ya seli angavu hukaa karibu na kano za mguu. Rabdomayosakoma ni ya watoto zaidi, na ikiwa mkononi au mguuni, tezi hupimwa hata kama hazijavimba. Angiosakoma, ile ya mishipa ya damu, pia imo. Sakoma ya sinovia ilikuwa ikitajwa pamoja na hizi, ila takwimu kubwa za karibuni zinaonyesha kwamba kwake ni nadra.

Kwa baadhi ya aina hizo daktari anaweza kutafuta tezi ya kwanza tu, ile inayopokea limfu kutoka kwenye uvimbe kabla ya nyingine zote. Dawa yenye mionzi kidogo hudungwa kando ya uvimbe, na mara nyingi rangi ya buluu huongezwa. Chumbani mwa upasuaji kifaa kama kalamu nene hupitishwa juu ya ngozi, kikilia kwa kasi zaidi kadiri kinavyoikaribia tezi. Ikipasuliwa hapo, hukutwa imegeuka buluu. Hutolewa hiyo, au pamoja na jirani yake, ikapimwe. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo wake unaweza kuwa wa kijani au buluu kwa siku moja hivi, asije akafa kwa hofu chooni.

Sindano ikithibitisha saratani ndani ya tezi, mambo hugeuka. Mwili huchunguzwa wote, na ikiwa ugonjwa uko kwenye uvimbe na tezi tu, hapo ndipo upasuaji wa kuzitoa tezi za eneo lile huwa na haki yake, huku tibakemikali na mionzi vikijadiliwa. Kwa sakoma za mikono, miguu na kiwiliwili, mpangilio wa Kimarekani unaotumika tangu 2018 huiita hali hii hatua ya 4, yaani ya mwisho, na neno hilo huvunja watu moyo. Lakini wenye ugonjwa kwenye tezi peke yake huishi muda mrefu kuliko wale ambao umeshafika mapafuni, na wapo wanaopona. Familia isikate tamaa kwa kusikia namba.

Sakoma ya Kaposi, inayojulikana sana Afrika Mashariki, isichanganywe na hizi. Hiyo huingia kwenye tezi mara kwa mara, ila tiba yake ni dawa, zikiwemo za kupunguza makali ya virusi kwa wenye VVU, wala si kung'oa tezi.

Kwa hivyo ukimsindikiza mgonjwa, muulize daktari sakoma hii ni ya aina gani kwa mujibu wa maabara, na tezi zimepapaswa na kuonekanaje. Baada ya upasuaji, asikose tarehe za kliniki, kwani tezi hupapaswa tena kila anapokwenda. Akihisi kivimbe kipya kinenani au kwapani katikati ya tarehe hizo, aende asingoje.