Livre de la Lune yako imechelewa

Bandugu wa Kadutu, Ibanda na Bagira, karata ya Jeu-Rapide (uchawi wa kuchezwa haraka, hata katikati ya vita) haichezwi "wakati wowote". Neno hilo limezunguka meza zetu za mchezo wa karata wa Yu-Gi-Oh! hapa Bukavu mpaka limekuwa kama sheria, na kila mara linaharibu pigano lilelile. Magicien Sombre, ATK (nguvu ya kushambulia) 2500, anashambulia zimwi aliyefunikwa, yaani karata yake imelala kifudifudi. Anafunuliwa, DEF (nguvu ya kujilinda) 2600. Ndipo mwenye Magicien anatupa Livre de la Lune, karata ya Jeu-Rapide, mezani ili amfunike mshambuliaji wake asipoteze pointi 100 za uhai. Irudishe mkononi.

Mpangilio wa zamu mnaujua. Anayeanza havuti karata wala hapigani katika zamu yake ya kwanza, basi. Tatizo liko ndani ya vita. Kutangaza shambulio ni hatua moja, hatua ya madhara, ambamo pigo linahesabiwa, ni nyingine. Unapotangaza, mlango uko wazi: mtego wa Force de Miroir unaingia hapo, Typhon d'Espace Mystique inaingia hapo, na Livre de la Lune pia. Mshambuliaji akifunikwa wakati huo, shambulio limekatika.

Mkishapita hapo bila mtu kujibu, mmeingia hatua ya madhara, na mlango umebaki ufa. Vinapita vinavyobadilisha ATK au DEF moja kwa moja, mitego ya kukabili, vinavyozuia kuamilishwa kwa karata nyingine, athari za lazima, na karata zinazojitaja zenyewe kuwa ni za hatua hiyo. Aliyefunikwa anafunuliwa humo ndani, kabla ya hesabu ya ATK na DEF. Kwa hiyo ukishaona uso wake, Livre de la Lune haina nafasi tena. Rush Recklessly, ya kuongeza ATK 700, bado inayo. Lakini hesabu yenyewe ikianza, hata hiyo inafungiwa nje. Wakati wa hesabu zinabaki hasa karata zinazosema waziwazi "wakati wa hesabu ya madhara", kama Kuriboh. Na athari ya kufunuliwa inangoja hesabu iishe, msiikimbilie.

Kosa lingine ni ndugu yake huyu: kuchagua upya wa kumpiga kwa wakati usio wake. Idadi ya mazimwi wa mpinzani ikibadilika baada ya kutangaza na kabla ya hatua ya madhara, mshambuliaji anachagua upya: ampige mwingine au aache. Akiacha, amehesabiwa kuwa ameshashambulia. Hatangazi tena na zimwi huyo. Idadi ikibadilika ndani ya hatua ya madhara, hakuna kuchagua upya kabisa.

Kuna mahali ambapo sheria hainiridhishi. "Moja kwa moja" inaishia wapi? Karata za kabla ya 2011, mwaka maandishi yalipoanza kupangwa upya, mara nyingi hazikuambii. Nyingine zinaongeza ATK na kufanya jambo la pili papo hapo. Kwa hizo kusoma karata peke yake hakunitoshi. Natafuta uamuzi rasmi wa karata hiyohiyo, na si kila mara unafanana na ule wa karata iliyo jirani yake.

Kwa hiyo, kabla ya mtu kugusa zimwi aliyefunikwa, mshambuliaji aseme: "Naingia hatua ya madhara, una kitu?" Angoje jibu, na yeye mwenyewe aamue kama Livre de la Lune inatoka sasa au inabaki mkononi. Likishatamkwa "sina", funua.