Je, wajua kwa nini mji wa mimba wa kifaru huharibika usipobeba mtoto?

Jumamosi moja nilimpeleka mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja kwenye Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Tuliingilia lango kuu la Barabara ya Lang'ata, tukazunguka saa mbili nzima tukiona swara na pundamilia tu, hadi dereva akasimamisha gari bila kusema neno. Mbele yetu kulikuwa na kifaru mweusi jike, mtoto wake akimfuata kisigino kwa kisigino. Mpwa wangu akanyamaza, naye si mtoto wa kunyamaza. Halafu akaniuliza: "Anko, mwalimu alituambia vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu, na wote ni wa kike. Si watafutiwe bwana mwingine, yaishe?"

Dereva alicheka, nami nikacheka. Lakini usiku nilipolala swali lilinirudia, kwa sababu bwana mwingine walishatafutiwa.

Hao wawili ni Najin, aliyezaliwa 1989, na binti yake Fatu, aliyezaliwa 2000. Wote walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, wakaletwa hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia Desemba 2009 pamoja na madume mawili, Sudan na Suni. Matumaini yalikuwa kwamba jua na nyasi za Afrika zingewaamsha. Kupandana kulikuwepo, mimba haikuja. Baadaye wakawekewa hata dume wa vifaru weupe wa kusini, ambao ni binamu zao wa karibu. Bado hakuna kitu. Suni akafa 2014, Sudan akafuata tarehe 19 Machi 2018. Madaktari walikuwa wameshawapima majike 2014 na kugundua kwamba tatizo halikuwa bwana. Miguu ya nyuma ya Najin ilikuwa dhaifu, haiwezi kuhimili uzito wa dume wala wa mimba. Na Fatu, kifaru wa miaka kumi na minne, umri ambao wenzake porini wanalea, ukuta wa mji wake wa mimba ulikuwa umeharibika.

Umeharibikaje kwa mnyama mchanga vile?

Mfikirie kwanza jike wa porini. Huyu karibu hana siku ya kukaa bure. Mimba ya kifaru mweupe huchukua takriban miezi 16, ya kifaru mweusi takriban 15. Mtoto akizaliwa hunyonya zaidi ya mwaka, na mara nyingi kabla hajaondoka kwa mamake tayari kuna mwingine tumboni. Kwa hiyo katika maisha yake yote jike huyu hupata joto mara chache: anapata, anapandwa, anashika mimba, basi.

Jike wa bustani ya wanyama maisha yake ni mengine. Pengine hakuna dume. Pengine dume yupo lakini wamekua pamoja tangu utotoni, wanatazamana kama ndugu. Joto linakuja, linapita, linarudi baada ya mwezi mmoja au miwili, miaka nenda miaka rudi. Kila mara ovari humwaga homoni, na ukuta wa mji wa mimba hujiandaa kumpokea mgeni ambaye haji. Mwili wa kifaru haukuumbwa kwa maandalizi yasiyo na mwisho namna hiyo. Taratibu ukuta ule hujaa vifuko vidogo vya majimaji, na kwenye misuli yake huota uvimbe wa jamii ileile ambayo akina mama wengi hapa Nairobi wanaijua kwa jina la fibroidi. Watafiti wa taasisi ya Leibniz ya Berlin, waliowapima vifaru wengi wa bustani kwa mashine ya skani, waliona kwamba majike ambao hawajawahi kuzaa via vyao vya uzazi huzeeka miaka mingi kabla ya mwili wenyewe. Nje unaona mnyama mwenye afya, ndani ni ajuza. Kisha mambo yanazunguka: hakuzaa, ndiyo maana kizazi kikaharibika, kizazi kimeharibika, ndiyo maana hawezi kuzaa.

(Nawaomba wasomaji, habari hii msiibebe hadi kwenye kikao cha familia mkamtajie shangazi ambaye hajaolewa. Ni habari ya kifaru.)

Kuzaa mapema huwa kinga, ila si kinga ya milele. Najin alimzaa Fatu kisha hakuzaa tena. Miaka baadaye skani ilionyesha uvimbe mdogomdogo kwenye mlango wa kizazi na ndani ya mji wa mimba, na kwenye ovari ya kushoto kifuko cha majimaji chenye upana wa sentimita 25. Hicho ni kikubwa kuliko mpira wa kandanda. Mwaka 2021 akastaafishwa kazi ya kutoa mayai, ambayo nitaieleza hapo chini. Balaa hili haliwapati weupe peke yao. Iman, kifaru wa mwisho wa jamii ya Sumatra nchini Malaysia, naye aliugua uvimbe wa kizazi hadi akafa Novemba 2019.

Sasa, yeyote aliyekulia karibu na ng'ombe wa maziwa, Githunguri au Limuru, ana swali lake tayari: kwa nini wasipandishwe kwa mrija kama ng'ombe? Hapa Kabete, pembeni tu mwa jiji, kuna kituo cha mbegu za fahali tangu 1946, mwaka uleule mbuga yetu ilipoanzishwa. Mjomba wangu alikuwa akimwita mtaalamu kwa simu, anafika na pikipiki, anavaa glavu ndefu hadi begani, anaingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa, anaushika mlango wa kizazi kwa nje kama mtu ashikaye shingo ya chupa, huku mkono wa pili ukipitisha mrija mwembamba. Pete tatu au nne za kupita ndani ya mlango huo, kazi imekwisha, anywe chai.

Kwa kifaru mkono huo haufiki. Na hata ungefika, mlango wa kizazi chake ni mgumu, una mikunjo inayoshikana kama vidole vya mikono miwili, na njia yenyewe inapinda huku na huku kama uchochoro wa Gikomba. Jike ambaye hajawahi kuzaa anaweza kuwa bado na utando unaoziba njia hata kabla hujafika mlangoni. Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2007 kifaru mweupe wa kusini alizaliwa Budapest kwa njia hiyo ya mrija, baada ya wataalamu kutengeneza kifaa cha kufuata mipindo hiyo. Lakini kwa Fatu, hata mbegu ikifika, ukuta wa kuishikilia mimba haupo. Kilichobaki kizima ni mayai.

Ndiyo sababu mayai yake yanachukuliwa kwa njia inayowashangaza watu. Ovari za kifaru ziko karibu mita moja na nusu ndani ya mwili, na kupitia ukeni hakuna njia. Basi mnyama analazwa usingizi kwa dawa, mavi yanatolewa, kisha kifaa kirefu chenye skani na sindano kinaingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kinatoboa ukuta wa utumbo na kuifikia ovari. Pembeni yake kuna mishipa mikubwa ya damu. Sindano ikiteleza, mnyama anaweza kuvuja damu hadi kufa. Tarehe 22 Agosti 2019 walifanya hivyo Ol Pejeta kwa mara ya kwanza, wakapata mayai kumi, matano kwa kila mmoja, yakasafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia, kurutubishwa kwa shahawa zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa. Viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, vilivyopatikana vilikuwa viwili, vyote vya Fatu.

Wa kubeba mimba hizo ni majike wa kusini. Na ili kujua siku gani jike ana joto hasa, hawakuvumbua mashine. Waliweka dume aliyefungwa mirija: anawanusa, anawapanda, hampi yeyote mimba, lakini akishapanda madaktari wanajua saa imefika. Mfugaji wa zamani angetabasamu. Mnamo 2023 jike mmoja, Curra, alipandikizwa viinitete vya majaribio vya jamii ya kusini na mimba ikashika. Kisha mvua kubwa zikaja, maji yakafukua vijidudu ardhini, Curra akafa kwa maambukizi. Walipompasua walikuta kijusi cha kiume cha siku 70, urefu wa sentimita 6.4, kimekaa vizuri kabisa. Tangazo lilitolewa Januari 2024: furaha na msiba katika habari moja.

Dume naye ana vituko vyake, nivitaje kwa ufupi. Korodani zake hazining'inii. Zimefichwa karibu na mwili. Uume ukiwa umetulia huelekea nyuma, ndiyo maana hurusha mkojo nyuma kati ya miguu kuwekea mipaka yake alama. Kupandana huchukua nusu saa au zaidi, na nadhani hapo ndipo watu walipoanza kuipa pembe yake nguvu za kiume isizokuwa nazo. Pembe ni keratini, kama kucha zako.

Mpwa wangu alipopigiwa simu na kusimuliwa haya yote, hakujali sana mambo ya Italia. Alitaka kujua juu ya yule tuliyemwona. Nikamwambia: Kenya ilikuwa na takriban vifaru weusi 20,000 mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya themanini hawakufika 400. Mbuga ya Nairobi, kilomita za mraba 117 kando ya jiji, ni miongoni mwa mahali walipohifadhiwa wakazaana tena, hadi huwa wanazidi nafasi. Wakibanana, majike huchelewa kuzaa, ndiyo maana baadhi huhamishwa, kama wale waliopelekwa hifadhi ya Loisaba 2024.

"Na yule mama?"

Yule ana mtoto mguuni. Huenda tumboni kuna mwingine, na akiwa mkubwa kiasi cha kukaribia kuzaliwa, mama atamfukuza huyu wa sasa aende kujitafutia.

"Amfukuze? Bila kosa?"

Bila kosa.