Je, wajua kwa nini simbilisi wa bei nafuu ni mzigo wa kila siku?

Hapa Mwanza mtoto akililia mnyama wa kufuga, wazazi wengi hukimbilia simbilisi: ni mdogo, mpole, na bei yake haitishi. Lakini bei hiyo unailipa mara moja tu, wakati simbilisi aliyetunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8.

Ugumu unaanzia kwenye chakula. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama ulivyo wetu, ilhali mbuzi na kuku wanajitengenezea. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, na simbilisi hao wakapata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Ndicho kinachomkuta anayemwagiwa pumba za mahindi asubuhi na jioni. Wiki mbili tatu zikipita, manyoya yanachakaa, viungo vinavimba, na ukimshika analia. Watu husema amepigwa na baridi, kumbe amekosa mboga! Kwa siku anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C, na kipande cha pilipili hoho chenye upana wa vidole viwili kinatosha. Ila kiwe cha kila siku, kwa sababu mwili wake hauweki akiba ya kutosha. Kuitia vitamini hiyo kwenye maji ya kunywa si njia ya kutegemea, huharibika upesi.

Halafu kuna nyasi. Meno yake yote, hata magego, hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi mchana na usiku. Kwa anayeishi juu ya mawe kule Bugarika au Mabatini, hiyo ni kazi hasa: ukoka lazima uufuate mbali, tena usiukate kando ya mtaro wa maji machafu. Maranda ya kutandika unaweza kuomba kwa seremala.

Joto nalo linaua. Jua la mchana likipiga bati na mawe yakachemka, banda lisilo na kivuli humaliza simbilisi kwa saa chache. Liweke chini ya mti, penye hewa.

Hapendi upweke, kwa hiyo utahitaji wawili. Chukua majike wawili. Ukichanganya dume na jike, mimba ni siku 59 hadi 72, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Watoto wa kike nao wanaweza kushika mimba wakiwa na wiki nne au tano. Banda litajaa kabla hujajipanga, na hoho zitahesabiwa upya.

Akiugua, tafadhali usimpe amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa za jamii ya penisilini huua bakteria wazuri wa tumboni mwake, wabaya wakashamiri, naye akafa kwa kuhara. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kabla hajaandika dawa mwambie wazi kwamba mgonjwa ni simbilisi, si sungura.