Nani Kaseti Mashine?

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesoma: "Mkataba si ulikuwepo tangu 1940? Sasa wale wanawake wa Glasgow waligomea nini?" Haya, naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Mkataba ulikuwepo, ndiyo: wa waajiri na vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya uhandisi Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanamke akishika kazi ya mwanamume, baada ya wiki 32 alipwe kiwango cha mwanamume. Watu husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Mbele yake kuna sharti: awe anaifanya bila usimamizi wala msaada wa ziada. Shida yote imelala hapo.

Chukua mashine ya kukerezea. Asubuhi fundi anakuja, anafunga kisu, anapima, anaondoka. Mama anabaki nayo zamu nzima akikereza vipuri vya injini ya Merlin, ile ya ndege ya kivita ya Spitfire. Siku ya mshahara anaambiwa: wewe umesetiwa mashine, kwa hiyo umesaidiwa. Mwanamume asiye fundi naye alikuwa akisetiwa, ila kwake huo haukuitwa msaada! Na kazi ikishashikwa na wanawake watupu, inageuka "kazi ya kike", isiyo na mwanamume wa kulinganishwa naye.

Oktoba 1943 kiwanda cha injini cha Rolls-Royce cha Hillington, karibu na Glasgow, kikasimama: watu wapatao 16,000, wanaume wakiwemo, japo Amri 1305, ya serikali wakati wa vita, ilikataza migomo. (Swali la uzalendo siligusi leo.) Walichopata ni orodha: kila mashine na kiwango chake, awe nani anaiendesha.

Sasa msiniambie hayo ni "malipo sawa". Kiwango kilifungwa kwenye mashine. Makonda wanawake wa mabasi ya London, Agosti 1918, waligoma wakidai nyongeza ileile ya shilingi 5 kwa wiki waliyopewa wanaume; pale mtu alidai kulipwa sawa na mtu. Hillington, wanaume wa AEU, chama cha wafanyakazi wa uhandisi kilichofungulia wanawake mlango Januari 1943 tu, walikuwa pia na lao: vita viishe wakute viwango havijashushwa. Siwalaumu sana.

Darasani nauita ushindi. Nikiwa peke yangu nasitasita. Orodha ilitaja bei ya kila mashine. Nani apangwe kwenye ipi, hilo lilibaki mikononi mwa mwajiri.