Korodani za ngiri dume si ugonjwa wa ngiri

Ngiri dume akikurupuka mbugani Mikumi, mkia wima kama antena, utaona mabonge mawili nyuma, chini kidogo ya tundu la haja. Wapo wanaocheka: "Kumbe ndiyo maana ugonjwa ukaitwa ngiri!" Wengine husema ana busha.

Hana ugonjwa wowote. Tumezoea mbuzi na kondoo, ambao pumbu lao huning'inia katikati ya mapaja. Jamii ya nguruwe, wa porini na wa bandani, imeumbwa vingine: korodani zimekaa juu, nyuma ya mapaja, zimebanwa na ngozi. Hazining'inii, ndiyo maana zinafanana na uvimbe. Uume nao hauko huko. Tundu lake liko tumboni, karibu na kitovu, na ncha yake imejisokota kama skrubu.

Ngiri ya binadamu ni utumbo kupenya penye udhaifu katika ukuta wa tumbo, mara nyingi kwenye kinena. Hailetwi na kula nyama ya mnyama huyo. Busha ni jambo jingine kabisa: maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na huku pwani aghalabu chanzo ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu.